Mzigo Usiokaa Mgongoni mwa Askari

Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kuhusu namna wafu wa Vita Kuu ya Kwanza walivyokumbukwa, na namna wengine walivyoachwa. Ripoti ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Magharibi, wa Misri na wa Somalia. Kila ninaporudia takwimu hizo hunijia miaka niliyoshughulika na kukusanya na kufungasha vifaa vya askari wa King's African Rifles, yaani KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, kwa ajili ya maigizo ya kihistoria: yale ambayo watu huvaa sare za zamani, hubeba bunduki zisizofyatua risasi, na kuwaonyesha watazamaji jinsi mwanajeshi wa miguu alivyolala, alivyokula na alivyotembea. Ni kazi ya sindano, ngozi, kamba na mizani. Ndiyo iliyonijengea hoja ninayotaka kuitetea hapa: orodha ya vifaa vya askari wa miguu wa vita vya Afrika Mashariki, hata ikiwa sahihi kifungo kwa kifungo, inadanganya ikiwa inaishia kwenye mwili wa askari. Mzigo wa mpagazi ni sehemu ya vifaa vya askari. Usipofungashwa pamoja navyo, kinachoonyeshwa si vita vilivyopiganwa katika nchi hizi.

Tatizo linaanzia kwenye orodha zenyewe. Anayeingia katika shughuli hii hukutana kwanza na mwanajeshi wa Uingereza aliyepigana Ufaransa na Ubelgiji, kwa kuwa huyo ndiye aliyeandikiwa kuliko wote. Vifaa vyake vinajulikana hadi uzi: mikanda ya pamba nzito ya mtindo wa 1908, mifuko 10 ya risasi, kila mmoja na risasi 15, jumla 150, singe, chupa ya maji, sepetu ndogo ambayo kichwa chake na mpini wake hutenganishwa wakati wa safari, mkoba wenye kopo la kulia, sabuni, wembe, sindano na uzi, biskuti ngumu na nyama ya kopo, na shanta lenye koti zito. Pamoja na bunduki, uzito wake ulifika kilo 27 hivi, na mara nyingi ukapita. Mpangilio ule ulifikiriwa vizuri sana. Ulivaliwa na kuvuliwa wote kwa mara moja, na risasi za mbele zilisawazisha shanta la nyuma. Lakini ndani yake mna fundisho ambalo halitamkwi, kwamba mwanajeshi ni mtu aliyejitosheleza, na ukishamfunga mikanda yake umemmaliza. Hata kule Ufaransa fundisho hilo lilikuwa nusu ya ukweli, maana nyuma ya mtu yule palikuwa na reli, magari ya kukokotwa na farasi, na malori. Anayeichukua orodha ile, akabadilisha kofia, akaondoa viatu, akasema amempata askari wa KAR, amelihamisha na fundisho lile pamoja na mikanda.

Huku kwetu hali ilikuwa nyingine kabisa. Mwaka 1914 palikuwa na reli ya Uganda kutoka Mombasa, reli ya Tanga hadi Moshi, na Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Zaidi ya hapo ni njia za miguu. Majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliposonga kusini mwaka 1916 kutoka Kilimanjaro, mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa makumi ya maelfu, na Wajerumani walivunja madaraja ya reli walipokuwa wakirudi nyuma. Mvua zikafanya barabara za malori kuwa matope. Kilichobaki ni kichwa na bega la mtu. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi na vibarua karibu milioni moja katika vita vile, wengi wao kwa kulazimishwa. Mwaka 1917, chini ya usimamizi wa ofisa wa serikali ya kikoloni John Ainsworth, msako mkubwa katika eneo ambalo leo ni Kenya ulikusanya zaidi ya watu 120,000. Hesabu za serikali zenyewe zilitaja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, na wataalamu wengi wanaamini hesabu hizo ni pungufu. Linganisha na KAR yenyewe, iliyoanza vita ikiwa na vikosi vitatu na kumaliza ikiwa na vikosi 22, askari zaidi ya 30,000. Jeshi lenye mtu mmoja wa bunduki kwa watu wengi wa mizigo haliwezi kuelezwa kwa kumweleza mtu wa bunduki.

Mavazi ndiyo niliyoanza nayo, kama wanavyoanza wote, na mavazi yanafundisha jambo moja la msingi: kila orodha inahitaji mwaka. Hakuna "sare ya askari wa Vita ya Kwanza". Kuna ya Agosti 1914, kuna ya 1916, kuna ya 1918, na kati yake mna tofauti kubwa. Askari wa Kiafrika wa jeshi la Kijerumani wa mwaka 1914 alivaa koti na suruali za kaki, kofia ndefu ya tarbushi iliyofunikwa kitambaa chenye kivuli cha shingo, na mifuko ya risasi ya ngozi ya kahawia. Makampuni mengi yalikuwa bado yanatumia bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye baruti nyeusi iliyotoa wingu la moshi kila ilipofyatuliwa na kumfichua aliyeishika. Aprili 1915 meli iliyopenya kizuizi cha Waingereza na kufika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ilileta bunduki mpya kiasi. Lakini jeshi lililosalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, lilikabidhi bunduki za Kiingereza na za Kireno zilizotekwa vitani. Nguo zilikuwa za viraka, za kuokota na za kuteka. Anayemvika mtu sare safi ya 1914 na kumwita askari wa mwisho wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo la Kijerumani, amepoteza miaka minne ya mateso kwa pasi moja. Kwa KAR, mtego uko miguuni. Shati na kaptura za kaki, vitambaa vya kuzungushia miguu toka kifundoni hadi chini ya goti, na chini yake mara nyingi nyayo tupu au makubazi. Buti huongezwa na waigizaji kwa sababu macho ya leo yamezoea kuona mwanajeshi na buti.

Baada ya mavazi na ngozi ikaja kazi ya kufungasha, na hapo ndipo hoja ilipokomaa. Kufungasha ni kuuliza kila kitu kinaenda wapi na kinabebwa na nani. Ukiweka mbele yako kila kitu ambacho askari alihitaji kwa siku 10 mbali na reli, yaani blanketi, unga, maharage, chumvi, sufuria, risasi za akiba, dawa na hema la ofisa wake, kisha ukajaribu kuviingiza katika mkoba mmoja na mfuko mmoja wa begani, utaona mara moja kwamba haviingii. Wala havikukusudiwa kuingia. Askari aliundwa awe mwepesi ili aweze kupigana, na wepesi wake ulilipwa na mtu mwingine. Mkoba wake mdogo, ambao katika maonyesho husifiwa kuwa ushahidi wa ukakamavu wa askari wa Kiafrika, ni ushahidi wa mpagazi aliye nyuma yake.

Tufanye hesabu, kwa tarakimu za kukadiria ili ifuatike. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hivi. Risasi moja ya bunduki ya Kiingereza ina uzito wa gramu 25 hivi, kwa hiyo risasi 1,000, bila hata sanduku lake, ni mtu mmoja. Chukua askari 100 wenye akiba ya risasi 100 kila mmoja: risasi 10,000, wapagazi 10. Tuseme kila mtu anakula kilo moja ya chakula kwa siku. Askari 100 kwa siku 10 wanahitaji kilo 1,000, nayo ni mizigo 40. Tumefika wapagazi 50. Lakini mpagazi naye anakula. Katika siku 10 kilo 10 za mzigo wake zinaishia tumboni mwake, na zinazomfikia askari ni 15 tu. Kwa hiyo wapagazi 50 hawatoshi, wanahitajika zaidi ya 80, na bado hatujabeba sufuria hata moja, wala bombomu aina ya Maxim ambayo peke yake, bila mguu wake wala maji yake wala risasi zake, ina kilo 27 hivi. Sasa fanya safari kuwa ya siku 20. Mpagazi anakula kilo 20 kati ya 25 alizobeba, anawasilisha tano. Wale askari 100 sasa wanahitaji wapagazi 450. Zikifika siku 25, mpagazi anawasili na mzigo mtupu, na hatujamhesabia chakula cha kurudi.

Hesabu hiyo ya karatasini inaeleza mambo ambayo vitabu vya mapigano huyataja bila kuyafafanua. Inaeleza kwa nini kikosi cha Wanijeria kilishikwa na njaa kali kando ya Rufiji mwaka 1917, wakati mafuriko yalipokata njia. Inaeleza pia kwa nini posho ya mpagazi ndiyo iliyopunguzwa kwanza: kila kilo aliyonyimwa mpagazi ilikuwa kilo iliyomfikia askari. Na inaeleza kwa nini majeshi ya pande zote mbili yalikula maghala ya vijiji yalimopita. Wagogo, waliokuwa katikati ya nchi ambayo leo ni Tanzania, ambapo majeshi yalipita na kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wao, waliingia katika njaa waliyoiita Mtunya, iliyodumu kutoka 1917 hadi 1920. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Gunia la nafaka linalowekwa katika maonyesho ya askari lazima liwe na mahali lilikotoka, na mara nyingi lilitoka kwenye kihenge cha mtu.

Kitu ninachokipa uzito kuliko vyote katika mzigo huo ni sufuria. Wengi wa wapagazi waliokufa hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Unga wa mahindi waliopewa ulisagwa vibaya, ukiwa na makapi yaliyochubua utumbo, na waliotoka sehemu za ndizi au ulezi hawakuwa wameuzoea. Unga wa namna hiyo unataka kupikwa kwa muda mrefu. Unataka maji, kuni, chombo kikubwa na mtu asiyechoka hadi kushindwa kusubiri. Mtu aliyetua mzigo wa kilo 25 jioni, katika mvua, asiye na kuni kavu, na sufuria iko kwenye mzigo wa mwenzake aliyebaki nyuma, atakula uji mbichi. Akifanya hivyo wiki nzima, anaumwa. Huo ndio uhusiano kati ya kufungasha na kifo, na hakuna bunduki itakayomwonyesha mtazamaji jambo hilo. Sufuria itamwonyesha. Mpangilio mbaya wa mizigo uliua watu wengi kuliko singe zote za vita vile.

Wapo wanaopinga. Pingamizi la kwanza ni la mipaka ya fani: kwamba maigizo haya ni ya askari wa miguu, kama vile mengine ni ya wapanda farasi au wa mizinga, na mpagazi ana somo lake. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama mgawanyo huo ungekuwepo vitani. Haukuwepo. Jeshi la Kijerumani lilianza vita na makampuni 14 ya askari, karibu askari 2,500 kwa jumla, na kila kampuni ilikuwa na wapagazi wake wa kudumu, mbali na waliokamatwa njiani. Kampuni isiyo na wapagazi haikuweza kuhama. Katika safu za KAR vilevile, bombomu ilienda vitani vichwani mwa wapagazi, na waliobeba risasi hadi mstari wa mbele walipigwa risasi wakiwa hawana cha kujibu. Ukiikubali bombomu katika maonyesho kwa sababu ni silaha ya askari wa miguu, umekwisha kumkubali aliyeibeba.

Pingamizi la pili ni zito, na nalisikiliza kwa heshima kwa kuwa hutoka kwa watu wenye uchungu wa kweli. Wanasema kumtwisha Mwafrika wa leo mzigo kichwani mbele ya watazamaji, hasa akiwa Ulaya, ni kuirudia fedheha, na kwamba afadhali tumwonyeshe aliyeshika bunduki akiwa wima. Nakubali sehemu ya kwanza. Sioni haja ya kumtwisha mtu mzigo. Mzigo unaweza kuwekwa chini, ufunguliwe mbele ya watu, kitu kimoja kimoja, kisha ufungwe tena, na anayetaka aunyanyue mwenyewe. Kilo 25 hazihitaji mwigizaji. Lakini sehemu ya pili siikubali. Fedheha ya msako wa 1917 ni ya waliosaka. Waliosakwa walikuwa wakulima na wafugaji waliong'olewa majumbani, na wengi walivumilia mambo ambayo hakuna jeshi lingemtaka askari wake ayavumilie. Kuwaficha kwa sababu walionewa ni kuwaadhibu mara ya pili. Tena askari aliyesimama peke yake, wima na bunduki, hatuonyeshi ukweli wote kumhusu yeye mwenyewe. Askari wa pande zote mbili walitumwa kukamata wapagazi, kuwalinda wasitoroke na kuwachapa. Ushujaa wake ulikuwa wa kweli, na ukatili aliotumwa kuutenda ulikuwa wa kweli pia. Vifaa vyake vikionyeshwa karibu na mzigo, mtazamaji anaona uhusiano ule. Vikionyeshwa peke yake, anaona shujaa wa picha.

Lipo pia pingamizi la ushahidi, ambalo ni jepesi kuliko linavyoonekana. Husemwa kwamba vifungo na mikanda ya askari vimehifadhiwa na kuorodheshwa, lakini vitu vya mpagazi vimeoza, hivyo kuvitengeneza ni kubahatisha. Ni kweli kwamba vitu vyake binafsi vilikuwa vichache: blanketi, kibuyu, labda kisu. Lakini alichobeba kilikuwa mali ya jeshi. Masanduku ya risasi, magunia, makopo, mahema na machela yameandikwa katika kumbukumbu za jeshi kwa uangalifu uleule wa vifungo. Picha nazo zipo. Mpigapicha Walther Dobbertin aliyekuwa upande wa Wajerumani aliacha picha nyingi za vita vile, na makumbusho ya vita ya London yana za upande wa pili. Ngata ya majani au ya kitambaa inayokaa kati ya kichwa na mzigo, kila kijiji kina mama anayejua kuisokota. Kinachokosekana ni nia ya kuviweka kwenye orodha.

Na kutoweka kwenye orodha kuna historia yake. Baada ya vita, kumbukumbu kwa Waafrika zilijengwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Nairobi, katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, mpagazi amesimama na askari, na ni vizuri kwamba amesimama. Dar es Salaam anayesimama juu ni askari na singe yake. Lakini sanamu zile hazina majina. Makaburi mengi ya wapagazi yaliachwa kwa makusudi yarudi kuwa pori, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Tume ya makaburi ilipoyasema hayo mwaka 2021, ilikuwa ikieleza matokeo ya uamuzi wa watu waliokaa na orodha mbele yao, wakaamua nani aingie na nani asiingie. Mwigizaji wa historia anayetayarisha vifaa vyake anafanya uamuzi wa aina ileile, kwa kiwango chake kidogo, naye hana kisingizio cha kutojua.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa maonyesho haya, iwe Taita, Tanga, Mbala au Uingereza, ni hili: kwa kila seti ya askari mnayofungasha, fungasheni na mzigo mmoja kamili wa mpagazi, wenye uzito wake halisi, sufuria ikiwemo. Na kwa wasomaji ambao ukoo wao una babu aliyechukuliwa miaka ile asirudi, mwulizeni mzee aliyebaki jina la babu huyo, kijiji alikochukuliwa na mwaka, mkaviandike kwenye karatasi kabla mzee huyo hajaondoka.